Anyisile na Difu ya Baba Mkwe

Anyisile aliolewa kwetu Bujonde mwaka tisini na mbili, akaja na sanduku la nguo na sanduku la spana. La nguo ndilo lilikuwa dogo. Baba yake alikuwa fundi magari kule Mbugani, na binti aliingia chini ya magari tangu darasa la tatu. Basi hakukaa hata miezi miwili, akafungua gereji kando ya barabara: mabati manne, gogo la kukalia, na shimo alilochimba mwenyewe. Wanaume walipita wakicheka. Magari yakiwaharibikia walirudi, na hapo hawakucheka.

Aliyenuna moja kwa moja ni kaka yangu, Mzee Tuntufye, baba mkwe wake. "Mke wa mwanangu amelala barabarani, miguu nje, kama amegongwa!" Kumwambia mwenyewe hawezi. Kwetu Wanyakyusa mke hamwangalii baba mkwe, hamsemeshi, hakai naye mahali pamoja. Akimwona kwa mbali anachepukia migombani. Kwa hiyo maneno yote yalipitia kwangu, na mimi sina mshahara wa posta.

Kaka alikuwa na pikapu aina ya Datsun, kuukuu, ya kabla Eliud mwanawe, mume wa Anyisile, hajazaliwa. Biashara zilipofunguliwa na mchele wetu ukatakiwa huko juu, kila mwenye gari alipakia. Lake kwenye tambarare lilikimbia kama limeibiwa. Kwenye mlima wa Tukuyu, na magunia kumi, linatetemeka, linasimama, linarudi nyuma, watu wanaruka kutafuta mawe ya kuzuia tairi. Siku ya nne ya kunipasua kichwa kwa malalamiko, nikamjibu, "Mkwe wako anajua dawa."

Akatazama kuku. "Mwambie atengeneze. Likipanda Jumamosi na magunia kumi, gereji ibaki. Likishindwa, anafunga, anashika jembe."

Anyisile alikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, hatua tano tu. "Shangazi, mwambie sawa."

"Anasema sawa."

"Nimesikia. Mwambie asikubali haraka hivyo."

Kesho yake Anyisile akaenda Kasumulu mpakani, akarudi na difu ya mtumba, zile gia za kuzungusha matairi ya nyuma, iliyovuka kutoka Malawi. Akanionyesha zote mbili, amezihesabu meno kwa chaki. Ya zamani, gia kubwa ina meno thelathini na saba, ndogo tisa. Hii mpya, arobaini na moja kwa tisa. "Injini itazunguka zaidi kabla tairi halijamaliza mzunguko, shangazi. Mbio zinapungua, nguvu inaongezeka." Nikamwambia mimi nauza mchele, afunge tu. Akafunga siku mbili, kaka akijifanya ana kazi shambani.

Alhamisi kaka akalijaribu na mzigo. Akarudi amefura. "Mwambie linalia! Linalia kama nguruwe kabanwa mlangoni!"

"Muulize," sauti ikatoka jikoni, "linalia akikanyaga mafuta au akiachia?"

"Linalia tu!"

"Shangazi, hilo si jibu. Lazima nisikie mwenyewe, na mzigo uwe juu. Likienda hivi mlimani meno yatakatika."

Hapo tukakwama. Kusikia ni kupanda, na kupanda ni kukaa gari moja na baba mkwe. Nikajitolea kusikiliza mimi. Anyisile akasema, kwa heshima zote, kwamba mimi sisikii hata mchele ukiungua. Kaka akacheka, kisha akakumbuka amenuna.

Alitazama lile gari muda mrefu. Kisha akaingia, akashika kioo cha kuangalia nyuma, akakigeuza kikatazama paa. Cha pembeni akakivisha kofia yake. "Mwambie nyuma kuna turubai," akasema. "Mimi sioni kitu."

Anyisile akajifunika turubai katikati ya magunia, sikio kwenye bati. Mimi nikakaa mbele. Akigonga mara moja, kaka anakanyaga. Mara mbili, anaachia. Tulikwenda hivyo barabara nzima ya Kasumulu, ko, ko-ko, na nakwambia hao wawili hawajawahi kuongea vizuri hivyo. Kufika nyumbani kaka akashuka na kwenda zake bila kugeuka.

"Linalia akiachia," Anyisile akasema, akitema vumbi. "Meno yanagusana pembeni." Akafungua upya, akaongeza kibati chembamba kama ganda la kitunguu, akafunga.

Jumamosi likapanda. Polepole, ng'ombe mmoja alitupita, lakini halikurudi nyuma hata hatua, na jiwe hatukuokota. Huko Tukuyu mwenye lori moja akamuuliza kaka fundi wake nani.

Jumatatu asubuhi lori hilo likafika Bujonde limevutwa kwa kamba. Kaka alikuwa ng'ambo ya barabara, amegeuzia gereji mgongo kama inavyotakiwa, mkono umenyooka nyuma kuwaonyesha.

"Hapo! Shukeni mmwamkie kwanza. Na mimi ni wa pili kwenye foleni, breki zangu hazishiki."

"Shangazi," Anyisile akaita toka shimoni, "mwambie ndaga, nashukuru. Na gari lake asiliendeshe mpaka nimalize."