Nilimpa mchumba wangu uzito wa 0.2 kwenye hesabu ya harusi, mjomba wake akaniuliza maswali

Wakuu, habari za humu. Hili limenikuta mwenyewe na siongezi chumvi, maana lilivyo tu linatosha kunichoresha.

Niko Moro mjini, naandika software za optimization. Yaani unaipa kompyuta machaguo, inatafuta lenye hasara ndogo.

Mchumba wangu Zuhura kwao ni Mgeta, juu kabisa milimani. Kwao walitaka ndoa ifungwe huko. Mimi nilitaka mjini.

Badala ya kukaa tuongee kama watu, nikajifanya mtaalamu. Nikasema kompyuta iamue, haina upendeleo.

Nikatengeneza matrix mbili, yaani majedwali ya namba, moja ya hasara zangu, nyingine za Zuhura. Kila moja ina Mgeta na mjini, kwenye jua, manyunyu na mvua kubwa. Nikazijumlisha kwa uzito sawa, nusu kwa nusu.

Jibu likaja Mgeta.

Nikasema hapa kuna bug, programu imekosea. Nikampunguzia Zuhura uzito kidogo. Mgeta tena. Nikaendelea kupunguza. Alipofika 0.2 na mimi 0.8, ikatoka mjini. Nikaprinti, tena kwa rangi.

Nikapanda nayo hadi kwa mjomba wake, maana kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno. Shikamoo, marahaba, nikaanza kueleza. Wakuu, nilijiona profesa.

Zuhura, aliyekuwa amekaa pembeni, akaichukua ile karatasi. "Hii 0.2 ni nini?"

"Uzito wako."

Mjomba akauliza taratibu, "Na wa kwako?"

"Sifuri nukta nane."

"Basi rudi mjini na uzito wako. Mtoto wetu tutabaki naye."

Nikatoka nimenywea. Zuhura akanifuata nje, akataka ukweli.

Nikamwambia. Siku ya kwanza kuja kwao niliteleza kwenye ile njia ya matope ya kutoka barabarani hadi kwao, nikaporomoka hadi kwenye kabichi, shangazi zake wakacheka. Niliogopa kuanguka tena, safari hii mbele ya ndugu zangu. Hasara hiyo ndiyo iliendesha hesabu yote, na haikuwemo kwenye matrix hata moja.

Zuhura hakucheka. "Ungesema tu. Rudi kamwambie mjomba."

Nikarudi, nikasema yote huku natazama sakafu. Mzee akatupangia siku ya ndoa, hukohuko Mgeta.

Siku ya ndoa mvua ikapiga kwelikweli. Nashuka kwenye gari, nikamkuta mjomba kanisubiri barabarani. Akanishika mkono kwenye ile njia hadi mlangoni. Kanzu ilifika nyeupe.

Nilichojifunza: kabla hujagusa uzito wa mtu kwenye hesabu, jiulize unaogopa nini.

Nani mwingine amewahi kubana hesabu mpaka ikampa jibu alilokuja nalo? Semeni, nisichekwe peke yangu.