Ndama wa Siku ya Haradali

Shemeji yangu Labanya hakuwa mtu wa kubishana naye kuhusu haradali. Mpinge kuhusu mvua, siasa au bei ya samaki, ataitikia kwa kichwa huku akiendelea kumenya viazi. Ila akuone unasaga haradali nyeusi kwa ajili ya kamba wa mtoni! Hapo angeacha kisu, ajifute mikono kwenye sari, aje kukusimamia.

"Nimai, nani kakufundisha haya? Kamba ni haradali ya njano na tui la nazi, basi. Nyeusi ni ya ilishi, samaki mwenye mafuta yake. Huyu kamba kashakufa mara moja, unataka kumuua tena?"

"Shemeji, si vyote haradali tu?"

"Na wewe na ng'ombe si wote mnakula tu? Toka hapo."

Alikuwa na sheria zake. Nyeusi isagwe kwenye jiwe pamoja na pilipili mbichi na chumvi, la sivyo inakuwa chungu na inamharibu samaki. Mafuta ya haradali yasipashwe moto ukitaka kuyanyunyizia bisi za mchele na kitunguu, au bilinganya lililochomwa kwenye makaa. Punje nzima ni za dengu, zirukeruke kwenye sufuria kwanza. Nami nilizoea kumchokoza kwa makusudi, maana shemeji asiyetaniwa ni wa nini?

Lakini juu ya haradali zote kulikuwa na kasundi, ile inayotwangwa, ikachanganywa na manjano, chumvi na embe bichi, ikavundikwa kwenye chungu mpaka ikomae. Kasundi ni ya mboga za majani. Mchana unapoketi kula, unaanza na tonge la wali na mchicha uliokaangwa, na kasundi kidogo pembeni. Inakupanda puani, machozi yanakutoka, na njaa ndiyo kwanza inaamka. Labanya angeweza kuizungumzia kasundi kwa sauti ambayo wanawake wengine huitumia wanapomtaja mtoto aliye mbali. Na kasundi ndicho kitu pekee alichokatazwa kutengeneza nyumbani kwetu.

Haradali ya kasundi huoshwa siku moja tu katika mwaka, siku ya tatu ya mwezi mchanga wa Boishakhi, mwezi wa kwanza wa mwaka wetu, joto linapoanza kuuma. Hapa mjini kwetu Ranaghat wanawake hutoka na vikapu vyao kwenda mtoni asubuhi, wakaoga, wakaziosha punje wakiwa na nguo zilezile mbichi, huku wakipiga vigelegele. Sisi siku hiyo tulifunga mlango. Mama alikuwa akisema neno moja tu: "Haitufai."

Sababu yake tuliijua wote. Kabla sijazaliwa, na kaka zangu wangali wachanga, Mama alikuwa akiosha haradali kwenye bwawa letu la nyuma siku kama hiyo. Kifungua mimba wake alikuwa akicheza kwenye ngazi za bwawa. Wanawake walikuwa wanapiga vigelegele, na hakuna aliyesikia kitu kingine. Nyumba iliyofiwa siku hiyo haitengenezi kasundi tena, hata wajukuu hawatengenezi. Mama naye akaongeza amri yake mwenyewe, kwamba jina la yule mtoto lisitajwe. Nilikua, nikaota ndevu, nikawa karani wa posta, bila kulijua jina la kaka yangu.

Kuna mlango mmoja wa kutokea kwenye katazo hilo, tena mwembamba. Siku hiyohiyo akizaliwa mtoto wa kiume ndani ya nyumba, au ng'ombe akizaa uani, basi uhai umerudi mahali ulipotoka na katazo limekwisha. Kwetu hakuwahi kuzaliwa hata kifaranga.

Labanya aliletwa kwetu akiwa bibi harusi wa kaka yangu wa kati, Shashanko, kutoka Bikrampur, ng'ambo ya mpaka. Alikuja na masanduku, shanga, na chungu cha kasundi kilichofungwa kitambaa mdomoni, kazi ya mkono wa mama yake. Wajuzi wa huko walisema kwa mkono ule huna haja ya samaki. Mama alipokiona kile chungu, sote tukashika roho. Kisha akasema, "Kula kilichotengenezwa na wengine si vibaya. Kutengeneza ndiyo hapana. Umesikia, mkwe?"

"Nimesikia, Mama."

Mama mwenyewe hakukigusa. Ila Labanya aliendelea kuletewa chungu kila mwaka na mtu yeyote aliyekuwa akivuka, na siku chungu kilipofika alikuwa anaimba jikoni. Halafu vikaja vile vita vya mwaka wa sitini na tano kati ya nchi zetu mbili, njia ikafungwa, na vyungu vikakoma. Baada ya miaka, shangazi yake mmoja alifanikiwa kuvuka, akaleta habari kwamba mama yake alishafariki zamani na kuchomwa kwa desturi yetu, wakati wa maembe mabichi.

Labanya hakulia mbele yetu. Alikaanga mchicha, akapakua, akakaa anaitazama sahani yake. Nikamwuliza kama anaumwa.

"Mikono yangu inajua, Nimai," akasema. "Mama alinifundisha yote. Nami nikifa hivihivi, kasundi yake imekwisha, maana hapa siruhusiwi na kule hakuna mtu."

Siku hiyo sikumtania. Nilimwonea huruma nikashindwa hata kumaliza wali.

Majirani walikuwa wakimpa za kwao. Alishukuru, akaonja, akarudi nyumbani anasema, "Nzuri. Lakini siyo." Na kila Boishakhi alinunua punje bora, nyeusi na za njano, akazipepeta, akaziweka tayari kwenye kopo. Siku ikipita hakuna aliyezaliwa, alizitoa akasagia samaki. Samaki wa wiki hiyo alikuwa mtamu na hakuna aliyethubutu kumsifu.

Alipopata mimba, ilionekana ingeangukia Boishakhi. Shashanko alikuwa analiambia tumbo, "Vumilia humo ndani, bwana mdogo, usije ukatuaibisha." Alizaliwa Tuli, msichana, tena siku yenyewe ilishapita. Labanya alimpenda sana binti yake, asije mtu akasema vingine. Hakupata mwingine.

Ndipo, miaka kadhaa baadaye, mvua za mwezi wa Ashari zikiwa zimechachamaa, akanijia posta na mwavuli.

"Mpeleke Budhi kwa fahali wa yule muuza maziwa."

"Kwenye mvua hii? Ng'ombe mwenyewe hana haraka."

"Wiki hii, Nimai. Si ijayo."

"Shemeji, unampangia ng'ombe harusi na siku ya bahati?"

Hakucheka. Nikahesabu miezi kwa vidole, nikaona inaangukia siku ya haradali. Nikamtazama, akatazama pembeni. Nikampeleka Budhi, nikarudi nimelowa mpaka mifupani, na mtaa mzima ukanicheka.

Miezi ile ng'ombe yule aliishi vizuri kuliko mimi. Alipewa mashudu ya haradali, alipewa maji yenye sukari guru, alisuguliwa mgongo. Kaka mkubwa Horipodo aliuliza tukiwa tunakula kama naye akipata mimba ataangaliwa hivyo. Mama alikaa kwenye kibao chake barazani, anavuta tasbihi. Macho yake yalikuwa yameshafunikwa na mtoto wa jicho, haoni mchana wala usiku, na upasuaji alikataa. Kuhusu ng'ombe hakusema neno, nasi tukadhani hajui.

Budhi alianza uchungu alfajiri ya siku yenyewe, giza likiwa bado. Kwetu siku huanza jua linapochomoza. Kabla ya hapo ni jana, na hilo hata mtoto mdogo analijua. Nilimkuta Labanya amepiga magoti kwenye majani, anamshika Budhi kichwa.

"Subiri, mama yangu," anamwambia. "Subiri kidogo tu. Jua liko njiani."

Nikacheka, kisha nikaona uso wake, nikaacha. Mke wa kaka mkubwa, Nirupama, alikuwa ameshika taa. Shashanko alikuwa anatembea uani, anatazama mashariki kama mtu anayemngoja mkopeshaji. Budhi akasukuma. Labanya akamwambia asisukume, ng'ombe naye akasukuma tena, na ndama akaanguka kwenye majani, mzima, mwenye doa jeupe usoni, wakati mbingu ndiyo kwanza imeanza kuwa kijivu. Bila ile taa tusingeliona hata hilo doa.

Labanya akakaa kwenye matope. "Ni wa jana," akasema. "Ndama wa jana."

"Pole, mdogo wangu," Nirupama akamwambia. "Mwakani tena."

"Mwakani mikono yangu itakuwa inakumbuka nini?"

Shashanko akamwinamia. "Sikiliza. Mama haoni. Tukimwambia jua lilikuwa limetoka, nani atajua?"

"Mimi nitajua. Mtoto aliyekufa ni wake. Unataka nimdanganye kuhusu mtoto wake, ili nile mchicha?"

Alisema kwa sauti kubwa, na akaanza kulia, kilio ambacho hakukilia siku ya habari za mama yake. Sikumbuki kama nimewahi kuona mtu analia vile kwa ajili ya kitu kinachokaa kwenye chungu. Nilitamani nilisukume jua kwa mikono yangu.

Tukasikia fimbo. Mama alikuwa anakuja uani, anapapasa ukuta, nywele zake nyeupe wazi.

"Kazaa?"

"Kazaa, Mama," Labanya akasema akijifuta. "Lakini mapema. Jua bado."

Mama akamfikia ndama, akainama, akapitisha kiganja kwenye mgongo wake uliolowa. Kisha akanyanyua uso, akaugeuzia mashariki, kule kwenye giza.

"Jua limetoka," akasema.

"Mama, bado..." kaka Horipodo akaanza.

"Nimesema limetoka. Nalihisi usoni. Au nyinyi wenye macho mnataka kunifundisha mimi jua?"

Mama yangu hakuwahi kusema uongo, hata wa kumbembeleza mtoto anywe dawa. Nirupama alimtazama, akatutazama sisi, akaipuliza taa ikazimika. Tukabaki gizani sote, na jua limetoka.

"Haya, haradali iko wapi?" Mama akauliza. "Au ulimpanga ndama tu, haradali ukaisahau?"

"Ipo, Mama! Ipo kwenye kopo."

"Basi unakaa kwenye matope unangoja nini? Na si mtoni. Tunaoshea kwetu."

Hapo ndipo Labanya alipoogopa. Tangu siku ile Mama hakuwahi kukanyaga ngazi za bwawa. Alipitia mlango mwingine, aliogea maji ya kisima. Asubuhi hiyo alishuka ameshikwa huku na huku na wakwe zake wawili, ngazi moja baada ya nyingine, mpaka maji yakamfika kiunoni. Jua la kweli lilikuwa limeshatoka. Labanya akazamisha kikapu, punje zikazunguka na maji. Sisi wanaume tulisimama juu. Vigelegele havikutoka, maana nani angeanza? Akaanza Mama mwenyewe, sauti imekauka, ikakatika katikati, akaanza upya. Ndipo wengine wakamfuata.

Chungu kilifunguliwa kilipokomaa, mchana wa joto, sote tukiwa tumekaa chini na sahani zetu. Labanya alikaanga mchicha mwekundu. Alifinyanga tonge, akalichovya kwenye kasundi, akamlisha Mama la kwanza kwa mkono wake.

Mama akatafuna. Ikampanda. Machozi yakatoka kwenye yale macho yasiyoona, akapumua kwa mdomo.

"Kali," akasema. Kisha akasema, "Subal alikuwa akiilamba kidoleni mwangu. Inamliza, anataka tena."

Tuli, mdomo umejaa, akauliza Subal ni nani.

"Baba yako mkubwa," Mama akajibu. "Wa kwanza."

Nikawa nalirudia jina lile moyoni, Subal, Subal, mtu mzima na ndevu zangu, nimepata kaka. Labanya alikuwa ameonja tonge lake na kuinamisha kichwa. Mimi ni shemeji, lazima niulize.

"Vipi, ndiyo?"

Alitikisa kichwa kukubali.

"Mkwe," Mama akamwita, "mama yako aliitwa nani?"

Miaka yote ile Labanya yuko nyumbani kwetu, na hakuna mmoja wetu aliyewahi kumwuliza hilo. Niliona haya.

"Hemnolini, Mama."

"Mpakulie kidogo. Na Subal mpakulie, ila yake usizidishe ukali."

Labanya akachana jani la mgomba vipande viwili. Akaweka wali na mchicha juu ya kila kimoja, na kasundi pembeni. Kimoja akakiweka karibu na goti la Mama, kingine karibu na lake. Halafu tukala.