Gari Lililonyamaza Haliendi Kongwa

Abiria wa huku kwetu hamsikilizi mpiga debe. Mpiga debe atasema "wawili tu, wawili tu, tunaondoka" wakati ndani ya gari kuna dereva na gunia la karanga, na abiria analijua hilo, kwa sababu safari iliyopita alidanganywa hivyo hivyo. Anachosikiliza abiria ni injini. Injini ikinguruma, gari linaondoka. Injini ikinyamaza, gari limelala, na mtu mwenye akili zake hapandi gari lililolala. Nimewaona wazee kutoka vijijini wakiweka kiganja ubavuni mwa gari, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Wakisikia linatetemeka, wanaridhika na kupanda.

Mimi nakata tiketi za gari la Kongwa, stendi ya hapa Dodoma. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo mambo ya hewa na vifua nayaandika kama nilivyoyaona tu. Inawezekana nimeona vibaya. Anayejua zaidi atanisahihisha.

Kwa sababu ya masikio hayo ya abiria, gari letu lilikuwa linawashwa asubuhi kabla hata mtu wa kwanza hajakaa, na halizimwi mpaka lifike Kongwa. Gari la jirani, ambalo nalo ni la Kongwa na linapakia ubavuni mwetu, lilifanya vivyo hivyo. Dereva wao akikanyaga mafuta kidogo ili abiria wasikie vizuri, wetu naye anakanyaga. Wao wakiongeza, sisi tunaongeza. Mabomba yote mawili ya moshi yanatazama nyuma, na huko nyuma ndiko iliko meza ya mama wa chai.

Huyu mama nilimkuta pale. Anauza chai ya maziwa yenye tangawizi, na vitumbua ambavyo sitavisifu sana nisije nikaonekana nimehongwa. Alishajifunza kuishi na moshi wetu. Maziwa anayafunika kwa sahani, sukari ina mfuniko, vitumbua vinafunikwa kwa vitambaa viwili, na kile cha juu ikifika saa sita mchana utadhani ni tambara la fundi gereji. Kola ya shati langu ilikuwa hivyo hivyo. Mke wangu, nikirudi nyumbani Miyuji jioni, huniuliza, "Hivi baba, unauza tiketi au unauza mkaa?"

Mwaka huu kiangazi kilipoanza, mama wa chai akaanza kukohoa. Si kikohozi cha kupaliwa. Alikuwa akikohoa anashika ukingo wa meza. Akaenda zahanati, na aliporudi akanimiminia chai bila kunitazama.

"Nesi amesema kifua changu hakitaki moshi," akasema. "Ama nihame hapa, ama nikae nyumbani."

"Na wewe mama umeamuaje?"

"Mwisho wa mwezi nahama."

"Unahamia wapi?"

"Ndiyo hapo sasa. Chai anakunywa mtu anayesubiri gari. Huko nje ya ukuta nani anasubiri gari?"

Sikulala vizuri. Lakini pia nilitaka kutenda haki, maana kuyalaumu magari ni rahisi. Yeye mwenyewe alikuwa na jiko la mkaa, ameliinamia kutwa nzima. Na upepo wa Dodoma miezi hiyo sina haja ya kuueleza, unachota vumbi na kukugawia mdomoni bila kukuuliza. Kesho yake nikamwambia yote hayo. Akacheka mpaka akakohoa.

"Wewe umekuja kunitetea au kunishtaki?"

Hata hivyo siku iliyofuata alikuja na mtungi wa gesi kutoka nyumbani kwake. Akautua chini na kusema, "Haya hakimu, mshtakiwa mmoja nimemtoa." Tukangoja. Kikohozi hakikupungua, au kama kilipungua mimi sikusikia. Vumbi siwezi kuliita kikaoni. Yakabaki magari.

Dereva wetu ni mtu mzima, mpole, na vitumbua vya yule mama ndiyo kifungua kinywa chake. Nikamfuata dirishani. "Mzee, tuzime basi mpaka gari lijae."

"Nikizima watashuka. Utawashika miguu?"

"Tujaribu tu, mzee. Kwa ajili ya mama."

Akazima. Vichwa vyote ndani ya gari vikainuka kwa pamoja, kama mbuzi waliosikia fisi. Kiti cha mbele alikaa bibi mmoja mwenye kuku ndani ya kikapu, anakwenda kwa binti yake Kongwa. Akaniuliza kwa upole, "Limekufa?"

"Halijafa, bibi. Limepumzika."

"Linapumzika kabla ya kutembea?" Akabeba kikapu chake. Alipofika mlangoni akanishika bega. "Pole, mjukuu wangu. Baki salama na maiti wako."

Nyuma yake wakashuka wengine wote, wakahamia gari la jirani lililokuwa linanguruma kama lina hasira. Mpiga debe wao, bwana mnene mwenye taulo shingoni saa zote, akapaza sauti stendi nzima isikie: "Jirani! Poleni na msiba! Matanga mnaweka wapi, tuwaletee unga?"

Dereva wetu akawasha. Sikumlaumu.

Nikakaa siku mbili tatu nikijiona mjinga, kisha nikamwendea yule yule wa taulo. Kwa haki niseme si mtu mbaya. Aliponisikiliza akatoa leso akanionyesha. "Hata mimi nikipenga asubuhi, ona. Lakini mwanangu, mimi nizime halafu wewe uwashe? Nimezaliwa jana?"

"Tuzime pamoja."

"Pamoja?"

"Tunahesabu, madereva wote wanazima."

Akakubali. Tukasimama katikati ya magari, mimi na yeye, tukainua mikono. "Moja! Mbili! Tatu!" Magari yote mawili yakaendelea kunguruma. Kila dereva alikuwa ametoa kichwa dirishani kumchungulia mwenzake. Tukahesabu tena. Mara ya pili, la kwao lilizimwa. Letu halikuzimwa. Lazima niliandike hilo, kwa sababu hapa stendi hadithi inasimuliwa kinyume, na anayeisimulia kinyume ni dereva wetu mpole.

"Umeona!" bwana wa taulo akarusha mikono. "Umewaona hawa wanaojifanya watu wa kanisani?"

Hapo ndipo mama wa chai alipotokea nyuma ya magari, upawa mkononi, anakohoa na amekasirika.

"Leteni funguo."

"Funguo za nini, mama?"

"Za magari. Ninyi hamwaminiani, lakini mimi mnaniaminia matumbo yenu kila siku. Ziwekwe mezani kwangu. Gari likijaa, dereva aje achukue wake. Na atakayenisumbua, chai kwangu hapati mpaka Krismasi."

Madereva wakatazamana. Nadhani kilichowashinda ni ile Krismasi. Wakazima, wakaleta. Ufunguo wetu akauweka kwenye kisahani cha bluu, wa jirani kwenye cheupe, katikati ya meza, mahali pa kuonekana na kila mtu.

Kona yetu ikawa kimya, na mimi kwa mazoea nikavuta pumzi nikapiga kelele, "Kongwaaa! Kongwa hiyooo!" Mama mmoja aliyesimama karibu yangu akaziba masikio. "Kaka, si tuko hapa hapa?" Kumbe miaka yote nilikuwa nabishana na injini. Siku ile niliwasikia abiria wakiongea kawaida, na vitumbua vikichemka kwenye mafuta.

Lakini hawakupanda. Wakasimama katikati ya magari mawili yaliyonyamaza, mizigo mikononi, wanatutazama. Bwana wa taulo akaninong'oneza, "Sasa tumefiwa wote wawili." Ilibidi jua lipande sana ndipo wapande mmoja mmoja, kwa kukosa la kufanya, na siku iliyofuata ikawa karibu hivyo hivyo. Nikaanza kuhesabu kwamba nimemharibia mama wa chai na stendi nzima kwa mpigo.

Aliyetuokoa ni yule bibi wa kuku. Alikuwa amerudi mjini, sasa anaelekea tena kwa binti yake, safari hii na jogoo. Akaweka kiganja kwenye gari letu, baridi. Akaweka kwenye la jirani, baridi. Akamgeukia mama wa chai. "Mwanangu, lipi linaondoka?"

"Shikamoo, bibi. Unaziona funguo hizi? Bluu ni gari hili, nyeupe ni lile. Dereva akija kuchukua ufunguo, gari linaondoka. Kabla ya hapo, yeyote atakayekwambia linaondoka ni mwongo."

"Hata huyu?" Akaninyooshea kidole.

"Huyo hasa."

Bibi akaketi kwenye benchi, jogoo mapajani, chai mkononi, macho kwenye visahani kama analinda uwele usiliwe na ndege. Gari letu lilipojaa, ukiacha viti vichache vya wale waliokuwa kivulini na chai zao, dereva akaja kunyoosha mkono achukue ufunguo. Sijui bibi alifikaje ndani kabla yake. Kutoka dirishani akawapigia kelele waliobaki kivulini: "Ufunguo umeondoka! Ufunguo umeondoka, jamani!" Wakakimbia na vitumbua mdomoni.

Tangu siku hiyo abiria hawaulizi tena gari linaondoka saa ngapi. Wanauliza, "Ufunguo uko wapi?"

Bwana wa taulo amelalamika kwamba mama anafurahia magari kuchelewa ili auze chai. Kuuza ameuza, siwezi kukataa. Lakini mama alimjibu, "Mimi sijazi magari. Jaza lako, uchukue ufunguo wako." Siku moja dereva wetu, ambaye nimeshasema ni mpole, alikuja na ufunguo wa akiba mfukoni. Akawasha gari likiwa na watu wanne, akakanyaga mafuta, likanguruma kama zamani. Abiria waliokuwa kwenye benchi wakageuka, wakatazama kisahani cha bluu. Ufunguo ulikuwepo. Wakaendelea kunywa chai.

"Hilo linaota ndoto," bwana wa taulo akasema, na benchi zima likacheka. Dereva akazima, akashuka, akaja kuomba chai. Akapewa. Krismasi ilisamehewa.

Kifua cha mama sitasema kimepona. Upepo ukivuma bado anakohoa, na magari ya upande wa pili wa stendi yananguruma hadi leo, moshi wao nao una miguu. Lakini mama hashiki tena ukingo wa meza akikohoa, na kitambaa cha juu cha vitumbua kinafika jioni kikiwa bado kitambaa.

Mwisho wa mwezi ulipofika sikuthubutu kumuuliza. Nilifika asubuhi nikakuta mkokoteni umesimama mezani kwake na benchi juu yake. Nikajua ndiyo anahama. Nikashika upande mmoja wa benchi ili nimsaidie kulipanga vizuri lisidondoke njiani. Yeye akashika upande wa pili, akavuta kuelekea kwake. Mimi nikasukuma. Akavuta.

"Wewe baba, unalipeleka wapi?"

"Si unahama?"

"Nahama nini! Watu wanakunywa wamesimama, nimeongeza benchi. Shusha!"

Tukalishusha. Tukaliweka nyuma ya magari, pale pale mabomba ya moshi yanapotazama, na wa kwanza kulikalia nikawa mimi.