Taazia ya Mdakaji Evaristo Zamudio

Kwa muda wa miaka kumi na minane, hapakuzikwa mtu wa sarakasi katika mji wa Corley, kusini mwa Oklahoma, ambaye hakupita mikononi mwa Bibi Ordella Pruitt mara mbili. Kwanza alimvika, kisha alimwandika. Alimvika kwa sababu watu wa sarakasi huzikwa na mavazi yao ya kazi, na mavazi hayo, yakishakaa kabatini miaka mingi, ni yeye peke yake aliyejua kuyafungua bila kuyachana. Alimwandika kwa sababu gazeti la mji, lililotoka kila Alhamisi, lilikuwa limemwachia safu ya taazia za watu wa hema.

Alizaliwa mwaka 1919, binti wa mkulima aliyelima pamba katika shamba la mtu mwingine, akajifunza kushona kwa magunia ya unga. Mwaka 1939 Sarakasi ya Brannock ilipopita wilayani kwao, mchekeshaji mmoja alipasukiwa na suruali dakika kumi kabla ya onyesho, tena mahali ambapo hapakukusudiwa kuchekesha mtu. Ordella alikuwa amesimama karibu na hema. Akachomoa sindano kifuani pa gauni lake, akaishona suruali ile mchekeshaji angali ndani yake. Hakurudi nyumbani. Kwa miaka thelathini alikuwa mtunza mavazi wa Brannock, na kila majira ya baridi yalipofika alirejea Corley pamoja na tembo, farasi na wenzake, maana huko ndiko sarakasi ilikopumzika. Alipostaafu alibaki huko huko, kama walivyobaki wengine.

Kuandika alikuanza kwa hasira. Mhariri wa gazeti, Bwana Dewitt Crain, aliandika juu ya marehemu mmoja kwamba "alikuwa akicheza na simba." Ordella akamwendea ofisini na gazeti amelikunja kama fimbo.

"Yule hakucheza na simba hata siku moja," alisema. "Alifanya kazi na chui milia, sita, na mmoja wao alikuwa chongo. Ukimwandika mtu, mwandike yeye. Usituandikie jirani yake."

"Basi andika wewe, Bi Ordella."

"Unadhani sitaandika?"

Akaandika. Taazia zake zilikuwa fupi na zenye mambo: uzito wa vyuma alivyoinua marehemu, jina la farasi wake, mfupa uliovunjika na mji ulipovunjikia. Maneno "aliyependwa na wote" hakuyaruhusu kamwe, kwa sababu, alisema, hajapata kukutana na mtu wa namna hiyo.

Jumapili ya pili ya Novemba, mwaka 1987, akafa Evaristo Zamudio, mwenye umri wa miaka sabini na mitatu. Katika ujana wake Evaristo alikuwa mdakaji: yule anayening'inia kichwa chini kwenye bembea ya pili, magoti yameikaza fimbo, akingoja kumpokea mrukaji anayekuja hewani. Jina la mrukaji huandikwa kwenye mabango. La mdakaji haliandikwi. Jina la Evaristo lilijulikana kwa jambo moja tu. Mwezi Julai mwaka 1956, katika mji mmoja wa Kansas, mikono yake ilimwachia Verbena Oakes, nyota wa Brannock. Verbena aligonga ukingo wa wavu, akatupwa chini, nyonga ikavunjika. Hakuruka tena. Evaristo naye hakupanda tena kwenye bembea. Aliwalisha tembo na kushona viraka vya hema hadi uzeeni, na alipoulizwa juu ya siku ile alijibu, "Mikono ilikuwa yangu," akaendelea na kazi yake.

Sasa Verbena alikuwa mwenyekiti wa kamati ya makaburi ya watu wa sarakasi. Makaburi hayo yalikuwa na safu zake, na safu ya juu, penye mteremko, ilikuwa ya watu wa bembea. Asubuhi ya Jumatatu kamati ikatoa uamuzi: Zamudio atazikwa upande wa mji, karibu na uzio, pamoja na watu wasio na hema.

Ordella alizipata habari hizo akiwa njiani kwenda chumbani kwa marehemu kumtafutia mavazi. Hazikumpendeza, lakini aliendelea na njia yake. Yeye pia, kama wenzake wote, alikuwa ameamini kwa miaka thelathini na mmoja kwamba Evaristo alimwachia Verbena.

Chumbani palikuwa na kitanda, kiti na sanduku la bati. Ndani ya sanduku, chini ya shati jeupe, aliyakuta mavazi ya mdakaji, ya buluu, aliyoyashona kwa mkono wake mwaka 1951. Juu yake palikuwa na mshipi mpana wa ngozi, umekunjwa na kufungwa kwa kamba. Alipoufungua, kitu kikaanguka mapajani mwake: mkanda wa hariri nyekundu, upana wa vidole vitatu, una nyota ya shanga katikati. Ulikuwa umeshonwa ncha kwa ncha ukawa duara. Kati ya mishono minne iliyounganisha ncha hizo, miwili ilikuwa imekatika. Hariri yote ilikuwa na alama za unga wa chaki, na alama hizo zilikuwa za vidole.

Ordella aliutazama ule mshono. Fundi huujua mshono wake kama mtu ajuavyo mwandiko wake. Akaketi kitini, na siku ile ya Kansas ikamrudia sehemu kwa sehemu.

Mkanda ule ulikuwa pambo la gwaride la kufungua onyesho, wa mkono wa kushoto wa Verbena. Kwa desturi ulifungwa kwa kulabu, ukavuliwa kabla ya kupanda, kwa sababu mdakaji hushika kifundo cha mkono, na kifundo hakitakiwi kuwa na kitu kinachoteleza. Siku ile kulabu zilikuwa zimekwisha. Ordella akaushona mkanda mkononi mwa Verbena kwa mishono minne, akamwambia, "Ukitoka kwenye gwaride pita kwangu nikukatie." Kisha tufani ikaonekana upande wa magharibi. Bwana Brannock akabadili mpangilio wa onyesho. Warukaji wakaitwa kwanza, moja kwa moja kutoka gwarideni, kabla ya upepo. Ordella alikuwa akifunga makasha ya mavazi yasilowe. Tufani ikaangusha nusu ya hema, vitu vikapotea kwa mamia, naye katika orodha ya vilivyopotea akauandika mkanda mwekundu kati ya kofia na glavu.

Mikono ya Evaristo haikumwachia mtu. Mkanda ulichomoka, ukabaki kiganjani mwake. Akaufunga ndani ya mshipi, akanyamaza. Angesema, mtunza mavazi angefukuzwa kabla ya jua kuchwa, na mwaka ule mtunza mavazi alikuwa mjane mwenye watoto wawili wadogo.

Ordella alilia kwa muda mfupi. Kisha akapiga pasi mavazi ya buluu, akenda kumvika marehemu, na jioni akaketi mezani kuandika.

Jumatano asubuhi alimpelekea Dewitt Crain karatasi mbili. Mhariri alizisoma akiwa amesimama, kisha akaketi, akazisoma tena.

"Bi Ordella, hii si taazia. Hii ni kesi, na mshtakiwa ni wewe."

"Umekuta kosa la herufi?"

"Sikukuta."

"Kosa la tarehe?"

"Bi Ordella, hebu nisikilize. Una miaka sitini na minane. Watu hawa ndio wanaokuletea supu ukiugua. Kesho watasoma kwamba ni wewe uliyemvunja Verbena Oakes. Nani atakusalimu?"

"Asiyetaka asinisalimu. Aliyekufa ni Evaristo, na amebeba mzigo wangu miaka thelathini na mmoja. Wewe unataka azikwe nao?"

Mhariri alijikuna shingo. "Na huku mwisho mbona pana nafasi tupu?"

"Mistari minne. Ni ya Verbena. Nakwenda kumpa."

"Na asipoitaka?"

"Unafunga ukurasa saa ngapi?"

"Saa nane."

"Basi ana mpaka saa nane."

Verbena Oakes alikuwa jikoni kwake akibandua mkate wa mahindi kwenye kikaango. Alikuwa bado mrefu, nywele nyeupe zimevutwa nyuma kwa ukali, fimbo imeegemezwa kwenye jiko.

"Karibu ukae, lakini kama umekuja kunibembeleza juu ya yule bwana, ondoka kwa miguu yako ungali na heshima," alisema bila kugeuka. "Nimeshasema uzio, ni uzio."

"Sikuja kubembeleza." Ordella akauweka mkanda mezani, kando ya sahani ya siagi.

Verbena aliutazama. Hakuugusa.

"Umeutoa wapi?"

"Kwa Evaristo. Ulikuwa ndani ya mshipi wake. Tazama vidole vyake. Alikushika, Verbena. Alikushika vizuri kabisa, akashika na kazi yangu pamoja nawe. Mimi ndiye niliyeushona, na sikukumbuka kuukata. Nimekuja kukwambia kwa mdomo wangu kabla hujasoma gazetini."

Verbena akavuta kiti, akaketi polepole kwa ile nyonga yake.

"We mwanamke," alisema. "Miaka yote hii nimekula maharage yako, nimelala kwako nikiwa na homa, kumbe ni wewe!"

"Ni mimi. Wiki iliyopita sikujua. Leo najua."

"Ningekuwa na mguu mzima ningekufukuza hadi Texas."

"Ningekimbia nawe nyuma yangu. Haki yako."

Verbena alicheka bila kutaka, cheko fupi lililogeuka likawa kitu kingine. Akauvuta mkanda kwa ncha ya kidole.

"Unajua ngazi ya bembea ina vipago vingapi? Arobaini na viwili. Nilipofika cha ishirini niliona inameta." Akaigusa nyota. "Nikaiona, Ordella. Nikasema nishuke. Nikatazama chini, watu elfu mbili shingo juu, na taa imeipiga ile nyota. Nikasema, mara moja tu." Akausukuma mkanda kando. "Nilipozinduka hospitali, wakaniambia Evaristo ameniachia. Nikasema ndiyo. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo."

Ordella alikuwa amekuja kutubu, na hakutarajia kukuta mwenzake katika kosa lile.

"Nimekuachia mistari minne," alisema. "Mambo yangu nimekwisha kuyaandika. Haya uliyoniambia sitayaandika mimi; ni yako. Ukurasa unafungwa saa nane."

"Huna haya! Unanijia jikoni kwangu na kisu."

"Sina kisu. Nina nafasi ya mistari minne."

"Sitakuja."

"Basi itabaki tupu," alisema Ordella, akachukua mkanda, akaenda.

Saa nane ilipotimia, Verbena hakuwa amefika. Dewitt Crain alipendekeza tangazo la matairi. Lingetosha pale bila kubanwa. Ordella alikataa. Mhariri akapendekeza picha ndogo ya hema. Ordella akakataa.

"Gazeti halitoki na shimo, Bi Ordella!"

"Hili litatoka nalo. Mwambie fundi wa chapa aweke juu yake jina tu, Verbena Oakes, na nukta mbili."

Likatoka hivyo. Alhamisi asubuhi Corley nzima ilikuwa imesoma juu ya mishono minne, na chini ya maelezo hayo ikaona jina la Verbena Oakes, nukta mbili, na weupe. Dukani, mchekeshaji mstaafu aliyemfahamu Ordella tangu siku ya suruali aligeuza uso alipopita. Mke wa mpanda farasi alimwambia waziwazi, "Ungekaa kimya, mama, tungekuheshimu mpaka kufa." Ordella alimjibu kwamba heshima ya namna hiyo ilikuwa imelipiwa na Evaristo, akanunua maua yake, akaenda makaburini.

Kaburi lilikuwa tayari karibu na uzio. Watu kama arobaini walikuwa wamesimama katika upepo wa baridi, na pande mbili za Ordella paliachwa nafasi ya kutosha mtu mmoja mmoja. Jeneza lilipofikishwa, gari la Verbena likasimama langoni. Alishuka na fimbo yake. Alipita katikati ya watu bila kumsalimu yeyote, akafika ukingoni mwa shimo, akalichungulia.

"Fukieni hili," aliwaambia wachimbaji.

"Mama, shimo limekwisha—"

"Nimesema fukieni. Mimi ndiye mwenyekiti, au mmechagua mwingine asubuhi hii? Chimbeni kule juu, safu ya watu wa bembea, mkono wa kushoto wa mahali pangu."

Kisha akawageukia watu. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ilikuwa sauti iliyozoea hema.

"Mmeona weupe gazetini. Ni wangu. Nilipanda na ule mkanda nikijua ninao. Ningeweza kushuka nikautoa, sikushuka, kwa sababu ulinipendeza. Evaristo alinishika. Nikawaacha mseme hakunishika, na mlipochoka kusema nikasema mimi."

Wachimbaji walichukua sepetu zao wakapanda mteremko. Ardhi ya Novemba ilikuwa ngumu, na ilionekana wazi kwamba kazi ile itachukua saa mbili. Verbena alikwenda akasimama kando ya Ordella, katika ile nafasi iliyoachwa, asimtazame.

"Usidhani nimekusamehe," alisema.

"Sikudhani."

"Na mistari yangu umeihesabu vibaya. Yalikuwa maneno ya mistari sita."

"Wiki ijayo nitakupa sita. Uyaandike mwenyewe."

Watu walitazamana, wengine walizitazama saa zao. Lakini hakuna aliyetangulia kuondoka. Mchekeshaji mstaafu alivua koti lake, akapanda juu, akamwomba mchimbaji mmoja sepetu. Ordella alikaza skafu yake, akakazia macho jeneza la Evaristo Zamudio, akasimama kungoja lile kaburi lichimbwe.