Hekta 0.3 na Hekta 0.25

Kaka yangu mkubwa alimkata mdogo wetu vidole viwili akipigania kipande cha shamba kilichokuwa kidogo kuliko chake.

Mimi hufundisha hesabu darasa la sita, huku Othaya. Kila muhula kuna mtoto anayeniapia kwamba 0.25 inazidi 0.3, kwa kuwa ishirini na tano inazidi tatu. Huwa nacheka, kisha namfundisha. Siku ile nilicheka tu.

Karatasi ya mpima ardhi ilifika asubuhi, baba akiwa amezikwa miezi mitatu. Kaka mkubwa, hekta 0.3. Mdogo wetu, hekta 0.25. Baba alitaka hivyo. Tulikuwa tumesimama mpakani, katikati ya michai, na kaka akaisoma mara mbili huku mishipa ya shingo ikimtoka.

“Ati mimi niko na nukta tatu na huyu ako na nukta ishirini na tano? Kwani mimi ni mtoto ya nje?”

Mdogo wetu, mbumbumbu wa hesabu kama yeye, akatabasamu. “Baba alijua nani alimuosha akiwa mgonjwa. Hii yangu sitoi.”

Nikaangua kicheko. Sijitetei. Nilikuwa na kinyongo, maana jina langu halikuwa popote kwenye karatasi ile. Nikawaambia, “Nyinyi wawili rudini shule,” nikaenda zangu jikoni.

Mbwa wetu ndiye aliyenishtua kwa kubweka. Nilipotoka mbio, mdogo wetu alikuwa amemlaza kaka juu ya michai, mkono mmoja kooni, mwingine ukimshindilia ngumi za uso. Meno ya kaka yalikuwa mekundu. Kaka akapapasa chini, akapata panga la kupogolea chai. Mdogo wetu akainua mkono kujikinga. Nilisikia mlio mkavu, kama wa kuni zikipasuliwa, na vidole viwili vikaangukia majani. Hakulia. Alivitazama tu.

Nikaokota jembe, nikampiga kaka kwa mpini, begani, mgongoni, popote, kwa hasira ambayo sikujua ninayo, mpaka akaliachia panga.

Majirani walimkimbiza mdogo wetu hospitalini. Waliobaki walimfunga kaka kamba wakisubiri polisi. Nikachukua kijiti, nikaandika udongoni mbele yake: 0.30. Chini yake: 0.25.

“Sehemu tatu za kumi ni sawa na thelathini za mia,” nikamwambia. “Yake ni ishirini na tano za mia. Wewe ndiye ulipewa kubwa.”

Alizitazama namba zile, damu ikimdondoka kidevuni. Kisha akaniinulia uso.

“Na asubuhi ulikuwa unajua?”

“Nilijua,” nikasema.