Chupa Kutoka Sabili ya Mabela

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa sanduku la barafu, chupa sita za kioo na taa ndogo ya gesi, nikapelekwa mtaa wa Azaiba, huku Omani, kuchukua sampuli za maji ya kunywa. Mpimaji aliyenifundisha alinionesha mara moja tu. Unachoma mdomo wa bomba kwa moto, ili uchafu wa mikono ya watu usije ukahesabiwa kuwa ni wa maji. Unaacha maji yatiririke kidogo. Kisha unajaza chupa bila ya kugusa ndani ya kifuniko. Mle chupani mna chembe za dawa ya kuizima klorini, kwani isipozimwa huendelea kuua vijidudu njiani, na maabara hupokea maji yaliyo safi kuliko yale wanayokunywa watu.

Kemia sikuisoma shuleni. Niliisoma nyumbani, baada ya kazi, kwa vitabu vya kuazima na kamusi mbili.

Baada ya miaka mingi ya kubeba sanduku nilihamishiwa ukaguzi. Mkuu wa Kitengo alikuwa Mwomani aliyezaliwa Tabora, na Kiswahili chake kilibaki cha kule kule.

"Sheikh wangu wa Unguja," aliniambia, "huku hatupimi maji. Tunawakagua wanaopima. Maneno mengi waachie ndugu zako, mimi niletee karatasi."

Tulisoma fomu za kila wilaya: sampuli imechukuliwa wapi, na nani, saa ngapi. Fomu moja ilisema mtu amejaza chupa Qantab, na baada ya dakika kumi akajaza nyingine Mabela, upande wa pili wa mji. Mkuu aliizungushia kalamu nyekundu. "Huyu ana mabawa," akasema. Mwenye mabawa aliitwa siku ile ile.

Fomu nyengine za Mabela hazikuwa na uongo, na ndizo zilizonisumbua zaidi. Kila mwezi sampuli ilitoka bomba la msikitini, lililoungwa moja kwa moja na bomba kuu la serikali. Kila mwezi ilikuwa safi. Lakini madereva, mafundi na wafagiaji wa Mabela hawakuwa wakinywa pale. Walikunywa maji ya sabili: friji kubwa la maji linalowekwa nje ya ukuta wa nyumba, sadaka kwa ajili ya marehemu, na kulishwa na tangi la juu ya paa.

Nilimuuliza mpimaji wa Mabela kwa nini sabili hazimo kwenye fomu.

"Ustadh, zile ni thawabu za maiti. Nikisimama kuzichoma moto mbele ya wenyewe, watasema naitilia shaka sadaka yao."

Sikuweza kumkemea. Nilipokuwa mpimaji, mimi nami nilizipita hivyo hivyo, kwa adabu.

Nikaandika pendekezo kwamba sabili ziingizwe katika orodha ya kupimwa. Mkuu alilisoma, akavua miwani.

"Kwenu Mabela si ipo moja?"

"Ipo. Mama aliiweka kwa ajili ya marehemu baba."

"Basi iwe ya kwanza. Na chupa asijaze mwenye nyumba."

Akajaza mpimaji mwengine. Jibu la maabara lilikuja: vijidudu vya kinyesi. Tulipopanda juu ya paa tulikuta kifuniko cha tangi kimepasuka na njiwa wameingia. Kanuni ilikuwa sabili ifungwe, isifunguliwe mpaka sampuli mbili mfululizo zitoke safi.

"Ukiona uzito, nitamtuma mtu," alisema Mkuu.

"Nitakwenda mwenyewe."

Mama alinikuta nje, nimeshika utepe wa kufungia sabili.

"Unafunga maji ya babako?"

"Machafu, mama. Nna karatasi ya maabara."

"Karatasi! Watu wamekunywa miaka yote hii, nani kafa? Jina la babako hulioni hapo ukutani?"

"Naliona."

"Basi chukua maji ya jikoni, yale ya bomba kuu, wakapime hayo. Si nyumba ile ile?"

Hilo ndilo tulilokuwa tukilifanya Mabela nzima, na nilijua lilivyo jepesi. Nikamwuliza: "Yule dereva wa jirani aliyeugua tumbo, ukampelekea uji siku tatu, maji alikuwa akinywa wapi?"

Sikujua, wala sijui mpaka leo, kama ni maji yale. Mama aliitazama sabili, akashika ncha moja ya utepe, akaikaza mpaka nikamaliza kufunga.

Tangi lilibadilishwa. Sampuli mbili zilitoka safi, utepe ukakatwa, na baadaye sabili zote za Mabela zikaingia kwenye orodha.

Sasa nimestaafu. Mama naye hayupo, na jina lake limeandikwa chini ya la baba. Mpimaji wa siku hizi ni kijana mwenye mzaha. Akifika huweka sanduku chini na kuniambia, "Ingia ndani, ami, usije ukaisomea chupa dua."

Naingia. Nawaombea wazee wangu thawabu, lakini nikiwa ndani, mlango umefungwa. Naisikia taa ya gesi ikiwaka upande wa pili wa ukuta, kisha maji yakitiririka. Halafu nangoja karatasi.