Nilijua Ubao Utapasuka

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo damu hunichemka. Ni siku niliyomdanganya kaka yangu wa tumbo moja, kwa makusudi, huku namtazama machoni. Kisha nikaingia chumbani nikacheka.

Usinitazame hivyo. Sikuzaliwa na mvi hizi. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nimeshaolewa nikaachika, nimerudi kukaa kwa kaka yangu Hamadi pale Lindi, na hasira zangu zilikuwa bado mbichi.

Enzi hizo ni za Mwingereza. Kaka Hamadi alikuwa karani wa forodha, mtu wa suruali nyeupe na kalamu mfukoni. Katika duka la Mhindi alinunua msumeno wa kukatia nakshi. Ulikuwa kama upinde mdogo wa chuma, na kati ya ncha zake mbili hukazwa wembe wenye meno, mwembamba kuliko sindano ya kushonea kofia. Unatoboa tundu ubaoni, unapitisha wembe, kisha unakata maua na nyota humo ndani. Hakuifanya kazi hiyo kwa riziki. Ilikuwa burudani yake, na walikuwapo wenziwe wanne waliokuwa na ugonjwa huohuo. Kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri walikuja barazani kwetu na vipande vyao vya mbao. Huyu kakata fremu ya picha, huyu kashindwa na kona, huyu kavunja jani la ua lililobaki moja tu kumalizika. Walikuwa wakielezana. Aliyegundua jambo alilileta barazani, na aliyekosea hakuchekwa. Ulikuwa utaratibu mzuri sana, na mimi ndiye niliyeutia sumu.

Kaka yangu mikono yake ilikuwa ya kushika kalamu. Alivunja nyembe za msumeno kama mtu anayevunja njiti za kiberiti. Mimi nilikuwa nashona kofia, na ukishaweza kutoboa vitobo vya kofia vikalingana kutoka mwanzo hadi mwisho, mkono wako umeshajua subira ni nini. Siku moja yeye yuko kazini, nikauchukua ule msumeno. Wembe wa kwanza ukakatika, wa pili ukakatika, wa tatu ukanitii.

Nikajifunza peke yangu. Nikagundua kwamba kwenye kona haugeuzwi msumeno, hugeuzwa ubao. Nikagundua kwamba wembe ukipakwa nta ya nyuki haukwami, na kwamba ukiugusa kwa ukucha lazima ulie kama uzi wa zeze. Usipolia, bado haujakazwa. Matundu ya ndani hukatwa kwanza, ukingo wa nje mwisho, ili ubao uwe na mahali pa kushikika. Karatasi ya mchoro nilibandika kwa uji wa muhogo. Hayo yote nilimweleza kaka, naye akanisikiliza kwa makini mpaka nikaona fahari.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa nyuma ya mlango na kofia yangu mkononi. Nikamsikia anasema, "Jamani, mimi nimegundua jambo."

Mimi! Nilidhani amekosea. Lakini Ijumaa ya pili ilikuwa hivyo hivyo, na ya tatu, mwaka mzima. Wenziwe wakamsifu, wakaanza kumwita mwalimu. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu, na changu kilikula na kulamba vidole. Mwisho nikakata sinia la nakshi, kazi ya wiki sita, naye akalichukua akampa mkubwa wake wa kazi. Aliporudi anatabasamu nikamuuliza, "Kaka, umemwambia nani amelikata?"

Akacheka. "Somoe, nani ataamini? Na wakiamini, nani atakuoa tena?"

Wanasema hasira hasara. Ni kweli, lakini waliosema hivyo hawakuwa wamesimama pale nilipokuwa nimesimama mimi.

Basi Ijumaa moja mchana akaja uani. "Somoe, sina jipya la kujaribu. Nipe neno."

Nikampa. Nikamwambia, "Loweka ubao kwenye maji moto ya chumvi siku mbili. Ukate ungali mbichi, kisha uanike juani. Utakata kama unakata boga."

Na kweli ungekata kama boga. Ndiyo ubaya wa uongo uliopikwa na mjuzi, mwanzo wake huwa mtamu. Nilikuwa nimeshajaribu mwenyewe kwa kipande kidogo. Kilikatika vizuri ajabu, na siku ya tatu juani kikajikunja kama jani la tumbaku, kikapasuka kila palipokuwa pembamba. Niliyajua hayo. Nilitaka Hamadi aloweke ubao wake, akate, ajivune, kisha umpasukie mbele ya watu.

Sikuhesabu jambo moja. Kaka yangu alikuwa mvivu wa kujaribu na mwepesi wa kusema.

Alasiri ile nikiwa nyuma ya mlango nikamsikia akiwaambia wote, na akaongeza kuwa yeye amejaribu mara mbili na matokeo ni mazuri. Hapo akasema Bwana Nassoro. Huyu alikuwa fundi cherehani, mtu mpole wa Kilwa Kivinje, ambaye hata akikohoa huomba radhi. Akasema, "Alhamdulillahi. Mimi nilikuwa naogopa kuugusa mfuniko wa mama. Nitauloweka kesho."

Mfuniko huo sote tuliujua. Mama yake, Bi. Mwanahawa, alikuwa akisomesha watoto Kurani kule Kivinje tangu ujana wake. Sanduku lake la arusi lililiwa na mchwa, likabaki pande la juu tu, na Bwana Nassoro alitaka kulikata marufaa, kile kiweko cha kuwekea msahafu, ampelekee kabla ya Ramadhani. Miezi mitatu alikuwa akichora tu. Kila Ijumaa alileta mchoro, akaufuta, akaenda kuchora mwingine.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu dhambi yangu haiko pale unapodhani. Kumdanganya Hamadi ilikuwa kosa, sawa. Lakini nilimsikia Bwana Nassoro kwa masikio yangu. Kati yangu na yeye palikuwa na mlango, tena haukuwa na komeo. Ningeufungua. Ningesema, "Shikamoo Bwana Nassoro, usiuloweke." Maneno manne. Hata kama nisingethubutu siku ile, duka lake lilikuwa hatua chache tu kutoka kwetu, na ningeweza kupita asubuhi kana kwamba nanunua uzi.

Sikwenda. Nikajiambia, nikisema, Hamadi ataokoka. Nikashona kofia yangu. Tena siku ile nilishona vizuri sana.

Ijumaa ya tatu yake Bwana Nassoro akaja na kitu kimefungwa kwenye shuka jeupe, kama mtu aliyebeba maiti ya mtoto. Akakifungua barazani. Nyuma ya mlango sikuweza kukiona. Kisha nikasikia sauti ambayo sikujua kama yule mtu anayo.

"Hamadi! Ulijaribu wapi, wewe? Ulijaribu ubao gani? Nionyeshe!"

Kaka akaanza kubabaika, mara chumvi ilizidi, mara jua lilikuwa kali.

"Nionyeshe ulichokata! Umesema umejaribu mara mbili. Mama yangu ana miaka themanini, Hamadi. Mbao za sanduku lake hazichipui!"

Na hapo, mwanangu, ndipo kaka yangu aliponitaja kwa mara ya kwanza. Mwaka mzima mambo mazuri yalikuwa yake. Baya la kwanza likawa langu. "Si mimi!" akapiga kelele. "Ni huyu Somoe! Mwanamke huyu ndiye aliyenidanganya! Mimi nilimwamini tu, kumbe hajui kitu!"

Nikafungua mlango. Sikuwa nimevaa hata kanga ya kichwani. Wakanitazama wote watano, na katikati yao ule mfuniko umejikunja, maua yake yamepasuka kila kishina. Yalikuwa maua mazuri kuliko yote niliyowahi kukata mimi.

Bwana Nassoro akaniuliza kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko kelele. "Binti, hukujua?"

Fikiri nilipokuwa. Nikisema sikujua, nimeokoka. Nitakuwa mjinga tu, msichana aliyebahatisha, na nani anamlaumu mjinga? Lakini basi na nta ya nyuki itakuwa ya Hamadi, na sinia litakuwa la Hamadi, na mimi nitakuwa nimekiri kwa kinywa changu kuwa mimi niliyejua kila kitu sijui kitu. Na nikisema nilijua, basi mimi ndiye niliyeua ule ubao.

Nikasema, "Nilijua. Nilijua ubao utapasuka. Nta nilijua mimi, matundu ya ndani kwanza nilijua mimi, mwaka mzima yote aliyowaambia ni yangu. Na hili nalo ni langu. Nilimkusudia yeye."

Bwana Nassoro akaufunga ule mfuniko kwenye shuka. "Nduguyo amekuibia," akasema. "Naona. Mimi nimekuibia nini?"

Akaondoka, na barazani kwetu hakukanyaga tena.

Mimi na Hamadi tulitukanana siku ile mpaka majirani wakaja. Sitakuficha, nilimwambia maneno ambayo hayasemwi kwa ndugu, na sehemu yake sijaijutia. Alikufa bila kuniomba radhi. Nimemsomea hitima, nimemwombea dua, na bado nina hasira naye. Watu watakuambia ukizeeka hasira hutoka. Waongo. Hukaa chini tu, kama machicha.

Nilipata ubao wa mninga kutoka Rutamba, nikakata marufaa kwa miezi miwili, nikamwonyesha Bwana Nassoro dukani kwake, akasema amenisamehe, na mjomba wangu akanisindikiza kwa lori mpaka Kivinje. Bi. Mwanahawa nilimkuta anasomesha, watoto wamemzunguka. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, nikamweleza kila kitu nikiwa nimepiga magoti. Akaupapasa ubao kwa vidole, kila tundu, kila ukingo. Nikadhani atanikumbatia. Ndivyo hadithi zinavyokwenda, sivyo?

Akasema, "Kazi nzuri. Wanafunzi watasomea hapo. Msahafu wangu mimi nitaupakata kama nilivyozoea, maana hili si sanduku langu."

Nikasema, "Bibi, mwanao amenisamehe."

"Huyo ni yeye. Mimi bado sijaamua." Kisha akanigeukia na macho yake yakawaka, kikongwe yule. "Umeonewa, nimesikia. Ungetoka barazani ukapiga kelele mpaka mji mzima ukakusanyika, ningesikia habari zako huku Kivinje nikakupigia vigelegele. Lakini wewe ulinyamaza pa kusema, ukaja kusema pa kunyamaza. Hasira yako ilikuwa ya haki, ukaituma nyumba isiyo yake. Inuka, magoti yako hayanisaidii."

Nikainuka. Alifariki mwaka uliofuata, na kama aliamua, sikupata habari.

Niliporudi Lindi nilinunua msumeno wangu mwenyewe, nikaketi barazani mchana kweupe, nikafundisha yeyote aliyeuliza. Mmoja katika wale wanaume alikuja. Wengine walisema baraza limeingiliwa na wanawake, wakaenda zao, nami sikuwashika shati.

Nimekuambia haya kwa ukali kwa sababu naona mnavyofanyiana nyinyi vijana. Mmoja anafundishwa na mwenziwe, kesho anasimama mbele za watu anasema ni lake. Mwingine anaulizwa jambo la kazi, anajibu uongo ili mwenziwe asimpite. Aibu! Ujuzi haupungui kwa kugawiwa, na heshima haizidi kwa kuibwa.

Basi shika haya, mwanangu. Ukifundishwa, mtaje aliyekufundisha, hata kama ni mtoto, hata kama ni mwanamke aliye nyuma ya mlango. Ukiibiwa kazi yako, sema siku hiyohiyo, sema mbele za watu, usingoje moyo uchachuke. Ukiulizwa na hutaki kusema, nyamaza, kunyamaza ni haki yako. Lakini usitoe ujuzi wenye sumu, kwa maana neno likishatoka kinywani hujui litalala nyumba gani. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi hizo zina mama zao. Na ukiona mtu asiye na hatia anaelekea shimo ulilomchimbia mwingine, kimbia ukamzuie, hata kama adui yako ataokoka pamoja naye. Acha aokoke.

Sikuombei usikasirike. Asiyekasirika akidhulumiwa amekufa nusu. Mola akujaalie mkono usiotetemeka na jicho lisilochoka, akupe wenzio wa kweli, na hasira yako aipe macho, iujue mlango wa kuugonga. Amina.